Ukali wa Mvinyo

Shemeji aliingia jikoni amekibeba kipimo chake kipya cha pH kwa mikono miwili, kama aliyebeba yai. Alikuwa mdogo wa mume, muuza simu, na tangu atazame video mbili tatu za kutengeneza mvinyo alijiita Daktari. Mke wa kaka yake, fundi cherehani, alimwita Daktari vilevile, ila yeye jina hilo alilitolea puani.

"Mgonjwa yuko wapi?" aliuliza Shemeji.

Mgonjwa alikuwa juu ya meza: chupa kubwa ya kioo iliyojaa mvinyo mwekundu. Fundi aliutengeneza kwa zabibu za marehemu baba yake, mavuno ya mwisho, maana aliyenunua nyumba ya mzee aliung'oa mzabibu hata kabla ya kuhamia. Ukiharibika huu, basi tena. Na jana yake mama mkwe alikuwa ameonja glasi moja, akasema, "Mkali huo," akajiendea kulala.

Shemeji akachovya kipimo. Namba zikachezacheza, zikatulia kwenye 3.8.

"Si nilisema? Uchachu uko juu. Dawa yake unga wa chaki, tuushushe."

"Daktari, pH huenda kinyumenyume. Namba ikipanda, uchachu unashuka. Huo hata uchachu wenyewe ni haba."

"Shemeji, namba kubwa ni kubwa. Wewe ukipima kiuno ukapata kikubwa, unakata kitambaa kidogo?"

"Nikipima kichwa chako napata kikubwa, na sioni kilichomo. Hicho kidude umekisawazisha kwa maji yake ya kupimia?"

"Kimetoka dukani jana. Kipya kinasawazishwa cha nini?"

Debe tupu, aliwaza fundi, na hili limejifunza kuongea.

Hodi ikabishwa mlangoni. Mteja alikuwa amekuja kujaribu gauni. Fundi alikitazama kizibo cha chupa, akamtazama Shemeji, ambaye alikwisha kufungua pakiti ya unga. Angeweza kuiziba chupa na kuondoka nayo. Lakini kwa muda mrefu alikuwa na hamu ya kumwona mtu huyu akianguka kifudifudi mbele ya mama yake mzazi.

"Haya, tibu," alisema. "Kijiko kimoja tu."

Kijiko kimoja hakitaua mvinyo, aliwaza, ila kitamuua Daktari.

Katika chumba cha pili, akiwa amepiga magoti kwenye upindo wa gauni, alisikia povu likichemka jikoni. Kisha akamsikia Shemeji akikisemesha kipimo: "Bado? Bado tu?" Akasikia kijiko kikigonga kioo, tena na tena. Fundi akachomeka pini nyingine.

"Kuna nini huko?" aliuliza mteja.

"Daktari yuko kazini. Geuka kidogo."

Aliporudi, pakiti ilikuwa tupu. Povu lilikuwa limemwagika mezani mpaka sakafuni, na mvinyo ule uliokuwa mwekundu sasa ulikuwa na rangi ya jicho lililopigwa ngumi. Kipimo kilisoma 5.1.

"Unakaidi," alisema Shemeji, jasho likimtoka. "Kila nikitia, namba inapanda."

"Na wewe ukazidi kutia."

"Ningefanyaje? Niuache umuunguze mama tumbo?"

"Tumbo la nani?" Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi nimelalamikia tumbo?"

"Mama, si ulisema mkali?"

"Mkali, ndiyo. Glasi moja na kuta zikaanza kutembea. Nililala kama mtoto. Nimekuja kuomba nyingine."

Akajimiminia mwenyewe, akanywa funda moja, akabaki akilamba meno.

"Sasa hauna ukali," alisema. "Wala hauna kingine." Akaiweka glasi chini, akatoka.

Shemeji alimgeukia fundi. "Tukitia asidi kidogo, si utarudi?"

"Kampake wanja maiti uone kama atakukonyeza."

Fundi alichukua glasi, akaijaza pomoni, akamsogezea. "Kunywa."

"Shemeji, huu una chaki."

"Kunywa, Daktari. Yote."

Shemeji akanywa, amefumba macho, chaki ikimbaki mdomoni. Fundi alikuwa ameingoja sura hiyo miaka mingi, na alipoiona hakucheka. Alimnyang'anya glasi, akajimiminia naye, mpaka juu, akaketi chini pembeni ya povu na kuanza kunywa polepole.

"Na wewe unaunywa wa nini tena?" aliuliza Shemeji.

"Nenda nyumbani," alisema fundi. "Huu ni wa baba yangu."