Maua Nyuma ya Ukuta

Mwaka reli ilipofika Morogoro, mimi nilikuwa mwali, nimewekwa ndani. Wasichana wa siku hizi nikiwasimulia hunitazama kana kwamba nilifungwa jela, nami sina hamu ya kubishana nao. Ndivyo yalivyokuwa mambo kwetu Waluguru. Msichana akivunja ungo aliingizwa ndani, akafundwa, asilione jua wala jua lisimwone, mpaka mavuno yapatikane ndipo atolewe kwa ngoma. Hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kumwona, hata baba yake mzazi. Niliyakubali yote hayo. Siku moja tu ndiyo iliyonishinda, nayo ni siku ya maua.

Baba yangu, Pazi, alikuwa mpiga mbiu wa mji. Boma likiwa na neno lilimwambia akida, akida akamwambia baba, na baba akachukua pembe yake ya nyati akaanza kuzunguka mitaani. Sauti alikuwa nayo. Nilimsikia mle ndani hata akiwa ng'ambo ya mto. Mama yangu alikuwa amekwisha kufariki, hivyo aliyenitunza ni bibi yangu mzaa mama. Yeye hakuwa na huruma na mkwewe. Alisema Pazi angeweza kuwaamsha hata wafu, ila wangegoma kutoka, maana kila alichotangaza kilikuwa ni kodi au kazi ya bure.

Basi ikaja amri ya ajabu. Gari la moshi la kwanza lingeingia na mkubwa fulani kutoka Dar es Salaam, na boma lilitaka barabara yote ya kutoka stesheni ipambwe kwa maua. Kila mtaa ujenge tao la mianzi na kulivika maua, na chini yake maua yapangwe kwa rangi mithili ya mkeka wa kutandikia wageni. Sherehe ilikuwa ya siku ile ile tu, kesho yake vyote vifagiliwe. Baba aliipenda amri hiyo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amepewa kutangaza jambo ambalo yeye mwenyewe angependa kulisikia.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwamini. Alipopuliza pembe siku ya kwanza watu walificha kuku, na vijana wakakimbilia mlimani. Vita na Wajerumani vilikuwa vimeisha juzijuzi, na waliokimbia kutoka upande wa Kisaki bado walikuwa wakishtuka wakisikia mlango umegongwa. Serikali itake maua? Wakasema leo maua, kesho watataka wenye maua.

Baba akaacha kutangaza kama boma, akaanza kutangaza kama Pazi. Alipiga chuku, nikiri. Alisimama sokoni akauliza ni mji gani mwingine wenye mlima unaotoa maua masika na kiangazi. Akawauliza watu wa mtaa wa chini kama ni kweli wameshindwa kabla hawajaanza, maana ndivyo mtaa wa juu unavyosema, kisha akaenda mtaa wa juu akawauliza vivyo hivyo. Wanawake waliokuwa wamefunga milango wakaanza kugombea mawaridi ya misheni. Mji ukachangamka. Niliisikia mianzi ikipasuliwa na watu wakicheka, na kicheko mtaani tulikuwa hatujakisikia tangu vita.

Kila jioni, akimaliza kazi, baba alikuja nyuma ya nyumba, akakaa kwenye kigoda chake na kuegemea ukuta. Hakuniona na mimi sikumwona, lakini udongo ule ulikuwa umepasuka kidogo na sauti ilipita vizuri. Aliniita mama, kwa kuwa jina langu, Mwaisha, ni la mama yake. Alinisimulia tao la nani limefikia wapi, na nani amemzibia nani njia ya kwenda kwenye mayungiyungi. Kadiri alivyosimulia ndivyo nilivyozidi kuungua roho. Maua yale yangekuwapo siku moja, na mimi ningekuwa ndani. Nilimwomba bibi anifunike kaniki gubigubi anipitishe tu, nichungulie. Akasema mwali akionekana kabla ya siku yake ni aibu ya ukoo mzima, na akanigeuzia mgongo. Nililia hadi macho yakavimba.

Baba akanisikia. Akasema kupitia ufa ule, "Mama, nitayatazama kwa ajili yako. Nitakuletea yote hapa ukutani. Sitakupunguzia hata ua moja."

Siku yenyewe nilisikia filimbi ya gari la moshi, nikasikia kishindo chake kwenye sakafu chini ya nyayo zangu, nikasikia ngoma za askari. Nikatulia kumngoja baba. Jioni akaja. Bibi alimtolea kigoda, lakini baba akasema atasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, imekwaruza, nikajua ameimaliza kwa kutangaza.

Akaanza stesheni. Tao la kwanza, akasema, lilikuwa la mtaa wa chini, jekundu tupu, na nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kama mahali pao. La pili lilikuwa la watu wa mlimani. Wao walishusha vile viua vya zambarau vinavyoota kwenye miamba inayochuruzika maji, wakavishusha pamoja na majani yake na tope lake ndani ya vikapu, ili visijue kama vimehamishwa. Akanipitisha hatua kwa hatua. Hapa weupe, hapa manjano, hapa mtoto amekanyaga na mama yake amepanga upya. Mkubwa aliposhuka alivua kofia. Mawaridi ya misheni yalikuwa mwisho kabisa, mlangoni mwa boma, na umande ulikuwa bado juu yake. Alipomaliza kulikuwa kunaingia giza, na mimi nilikuwa nimejaa. Nilimshukuru. Alisema tu, "Umeyaona?" Nikajibu nimeyaona. Akaondoka polepole.

Mavuno yalipofika nilitolewa, nikachezwa ngoma, nikawa mtu mzima. Siku chache baadaye nilikwenda mtoni kufua pamoja na Paskalia, rafiki yangu wa kijiji cha misheni. Kwa kuwa wazazi wake walikuwa Wakristo, yeye hakuwekwa ndani. Nikaanza kuisifia sherehe ya maua. Nikasimulia tao jekundu na nyuki wake, vikapu vya zambarau, umande. Wanawake wakaacha kufua. Mmoja akaangua kicheko, mwingine akamziba mdomo.

Paskalia ndiye aliyeniambia ukweli. Amri ilisema maua yachumwe asubuhi ya siku yenyewe. Lakini watu wetu walijua mtu anayechelewa kutimiza neno la boma hupata nini. Hivyo siku moja kabla, kungali na jua la mchana, mji mzima ulikuwa umekwisha chuma na kupamba. Baba alikimbia mtaa hadi mtaa akipiga mbiu kwamba wangoje, bado, warudishe mikono. Hakuna aliyemsikiliza. Serikali iwaambie watu wangoje? Waliona ni mtego. Pembe ile haikuwahi kumwambia mtu apumzike, na safari ile haikuaminiwa. Jua likayakausha maua, na alfajiri mbuzi waliokuwa huru wakamalizia yaliyobaki. Gari la moshi lilipita kwenye mianzi mitupu na mabua.

"Mkubwa alicheka," Paskalia akasema, "lakini bwana wa boma hakucheka. Alisema mpiga mbiu ndiye aliyewatangazia watu vibaya. Baba yako alilazwa pale pale barabarani, Mwaisha. Alichapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Sote tuliona."

Nguo niliyokuwa nikifua ilichukuliwa na maji, wala sikuifuata. Nilikuwa nikiwaza kile kigoda alichokikataa baba.

Nilimkuta baba anasuka kamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama usoni mara moja, akajua nimeambiwa. Nilikuwa nimejiandaa kumlaumu kwa kunidanganya, nikashindwa hata kuanza. Nilimuuliza tu kwa nini hakuniambia.

"Niliwatangazia watu maua wiki nzima, mama," akasema. "Nilitaka apatikane hata mmoja ayaone."

Hatukulizungumza tena. Pembe alinyang'anywa, akapewa mtu mwingine mwenye sauti ya kuku, na baba akawa mkulima kama wengine. Lakini mimi sikuacha kuisimulia sherehe ile, tena kwa maneno yake, na kwa ukaidi. Nilipoolewa nilimsimulia mume wangu, halafu wanangu. Miaka ilivyopita nilianza kuwasikia watu waliokuwapo wakisimulia nyuki kwenye tao jekundu. Siku moja Paskalia mwenyewe alinikumbusha umande wa mawaridi, nami sikumsahihisha.

Kisha vikaja vita vya wazungu kwa wazungu. Mwaka Wajerumani walipoondoka Morogoro, baba alikuwa kitandani katika nyumba ile ile, amebaki mifupa, macho yamekwisha. Walikuwa wakivunja na kuchoma wasichoweza kubeba. Moshi ulitanda upande wa stesheni, na watu walikuwa wakipanda mlimani na magodoro vichwani. Mume wangu alitaka tuondoke. Nikamwambia atangulie na watoto, maana baba hakuwa wa kubebwa.

Baba alisikia makelele. Akaniomba nitoke nje nitazame, kisha nimwambie kuna nini. Nikatoka, nikatazama, nikaona nilichokiona. Sikurudi ndani. Nilizunguka nyuma ya nyumba mpaka penye ule ufa, maana kitanda chake kilikuwa upande wa pili, na machozi yangu sikutaka ayasikie kwa karibu.

"Baba," nikasema, "wanapanga maua."

Ikaja ile sauti ndogo, "Yamechumwa leo?"

"Leo asubuhi. Yana umande."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi wamefungwa, baba. Wote."

Nikamsikia anacheka, kicheko kilichokatwa na kikohozi. Akasema, "Haya, anzia stesheni."

Nikaanzia stesheni. Jirani mmoja mzee, ambaye naye hakuweza kukimbia, aliniona nimesimama juani naongea na ukuta, akanihurumia, akaniletea kigoda. Nikamwambia ahsante, nitasimama.