Mfumo Mpya Ulipohamia Sebuleni

Jana mchana, nikiwa kwenye kiti cha sebuleni, niliota mfumo endeshi wa kompyuta yangu unahama.

Kabla sijasinzia, binti yangu Felista alikuwa ameanza kuusasisha. "Mama, inaenda yenyewe," alisema, akaelekea jikoni. "Wewe usizime tu." Sikumwambia ninachokiogopa. Humo ndani mna sauti ya marehemu baba yake akicheka, na sina nyingine.

Basi naona kompyuta inafunguka kama mlango. Anatoka bwana mmoja mnene, amevaa sweta mbili, jasho linamtiririka.

"Hodi ya kutoka," anasema. "Mimi ndiye mfumo wa zamani. Nimekaa vizuri kwako, Mama Felista. Asante kwa chai."

"Mbona sijawahi kukupa chai?"

"Ile uliyoimwaga kwenye kibodi."

Nampa pole. Anaipokea kwa mikono miwili, anaitia mfukoni.

Nyuma yake mafaili yanatoka kwa foleni, kila moja na godoro lake kichwani. Picha za harusi zinapita zikizozana nani atangulie. Hakuna kinachoanguka. Sebule sasa ni stendi ya mabasi, wala sioni ajabu. Anashuka mama mmoja nadhifu, amebeba madirisha kwapani. Huyo ndiye mfumo mpya. Anayabandika hewani, na upepo unaanza kuingia.

"Usizime," ananiambia.

"Nisizime nini?"

"Chochote."

Jua linaanza kufifia. Nalipepea kama jiko la mkaa mpaka linawaka tena. Mama yule anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mwisho wa foleni limesimama faili moja dogo, halina godoro. Ndani yake kuna mtu anacheka, lakini kwa mbali, kama yuko nyumba ya pili.

"Hili halina jina," mama anasema kwa upole. "Lina tarakimu tu. Kwangu haingii asiyeitwa."

"Ni la mume wangu. Ladislaus."

Faili halisogei.

"Huyo ni wa kwenye cheti," anasema bwana wa sweta. "Muite ulivyokuwa ukimwita."

Jina lile nilimwita tukiwa wawili tu, mlango umefungwa. Tangu tumzike sijalitamka. Stendi nzima inanigeukia. Hata jua linasubiri.

"Togwa," nasema. "Togwa wangu, ingia ndani."

Kicheko kinasogea, kinapita ubavuni mwangu kikinukia sabuni ya kunyolea, kinaingia. Yule bwana anavua sweta moja, ananivisha, anapanda basi.

Nikaamka. Kompyuta ilikuwa imetulia, kioo kinang'aa, kila kitu mahali pake. Felista alikuwa ameinama mbele yake akipitia mafaili, mkono mmoja una unga.

"Umeona, Mama? Haikusumbua hata kidogo." Kisha akasita, akasogeza uso karibu na kioo. "Ila hili faili silikumbuki. Limeandikwa Togwa, kama kile kinywaji. Togwa ya nini humu?"

Nikavuta kiti karibu naye.

"Bonyeza tu, mwanangu," nikamwambia. "Utamjua."