Bolti ya Pili ya Breki

Jumamosi saa nne asubuhi, binti mmoja, fundi cherehani, alitandika gunia uani, akainua gari la mama yake kwa jeki, akasukuma kigogo chini ya chasisi na kufungua tairi la mbele la kushoto. Diski ya breki ilikuwa imelika hadi ikawa na makali. Mpya alikuwa nayo, imefungwa kwenye gazeti. Iliyobaki ilikuwa kufungua bano la breki, lile linaloikumbatia diski, ambalo hushikwa na bolti mbili tu.

Ya kwanza ilitoka kwa spana ya kumi na saba, bila maneno. Ya pili ikagoma.

Jumatatu saa moja kamili mama alitakiwa awe hospitali, kule bondeni, atolewe mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshafunga. La kushoto lilimpa mwanga na vivuli, na akimtazama mwanawe alimjua kwa mwendo. Daktari wa macho huja mara moja kwa mwaka na huita majina mara moja. Basi la kwanza hufika saa nne, wakati daktari ameshavua glavu. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili: ama bolti itoke, ama mama akae gizani mwaka mwingine.

Watu husema chuma hakina akili. Hao hawajawahi kulala chali chini ya gari wakabembeleza bolti. Binti aliinyunyizia mafuta, akaigonga kichwa kwa nyundo, akaongeza kipande cha bomba kwenye spana na kukilalia kwa uzito wake wote, ambao si haba. Spana ikateleza, yeye akakaa kitako kwenye matope ya mafuta. Mama, aliyekuwa kibarazani, akauliza nani kaanguka. Binti akamjibu kwamba ni heshima yake.

Jirani yao, mchomeleaji mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Cheche, alikuja na kikombe chake cha chai mkononi. Alikuwa rafiki wa marehemu baba, kwa hiyo binti humwita baba mdogo, naye humwita mama shemeji na kumtania ipasavyo. Aliinama, akaitazama bolti kwa muda mrefu, akauliza nani aliikaza. Binti akasema ni baba, miaka sita iliyopita. Pedi zimebadilishwa mara mbili tangu hapo, lakini kwa pedi hulegezi bano zima.

“Basi hujaifungua vizuri,” alisema Cheche. “Baba yako alikuwa anakaza mpaka nati inaomba radhi. Bolti yake huilegezi kwanza. Unaikaza kidogo, kutu ikatike, ndipo unarudi.”

Wakaiacha inywe mafuta mpaka Jumapili. Baada ya chai ya asubuhi binti akarudi kwenye gunia, akaikaza kidogo tu, kama unywele, ikatoa mlio mfupi. Akarudisha. Ikaja. Akaizungusha kwa vidole, uzi baada ya uzi, na ilipotoka yote, tunduni mwake mkaanza kusikika gereji.

Ilikuwa gereji ya barabara kuu, ile baba alikofanya kazi mpaka siku aliyofia chini ya lori. Kulisikika kompresa, chuma kikidondoka sakafuni, na mtu akipiga mluzi usiofuata wimbo. Mama akasimama kibarazani. Kwa mluzi ule mbovu hakuhitaji macho. Akashuka ngazi akipapasa ukuta, akaletewa kigoda, akaketi sikio likielekea kwenye gari.

Mafundi wa gereji ile wana mwiko mmoja: bolti ya mwisho ikikazwa, hakuna kusema, maana linalosemwa hufungiwa ndani. Mwanagenzi huambiwa siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo. Lakini meneja hakuwa fundi. Sauti yake ilitoka tunduni, laini, ya mtu mwenye mambo mengi:

“Acha gari lako, ingia chini ya lori. Hiyo jeki najua inavuja. Inatosha kwa leo.”

Mluzi ukakatika. Halafu baba akasema, pumzi ikimbana kwa kukaza:

“Sawa, bosi. Namalizia hii breki, nisije nikajiulia mke.”

Kompresa ikarudi, chuma kikadondoka, mluzi ukaanza upya. Ilikuwa nusu dakika hivi, na ilijirudia bila kuchoka. Walisikiliza mpaka jua likahama ukuta. Taarifa ya gereji ilisema marehemu alichukua jeki mbovu bila kuuliza, akafa kwa uzembe wake. Miaka sita mama aliwakubalia watu waliompa pole na kutikisa kichwa papo hapo. Sasa alikuwa analia, na katikati ya kulia anacheka, akasema mara mbili kwamba hakuwa mzembe mtu wake.

Cheche, aliyeusikia mluzi ule akaja, akaenda kumwita meneja. Alikuja alasiri, na shati lililopigwa pasi, akamwamkia mama kwa heshima, akachuchumaa penye gurudumu. Alisikiliza mara tatu. Akakiri kwamba ni sauti yake kabisa, tena siku hiyo alikuwa na mafua kidogo. Kisha akaeleza, bila ukali, kwamba taarifa ilishapigwa muhuri, aliyeipiga ameshastaafu, na kwenye fomu hakuna mahali pa kujaza bolti. Jeki yenyewe bado ipo, wanaiongezea mafuta kila Ijumaa. Akanywa maji aliyopewa, akashukuru, akaenda zake.

Ikabaki kazi. Binti alikuwa ameshavalisha diski mpya, na bano lilikuwa mahali pake na bolti moja. Tundu la pili lilikuwa bado linapiga mluzi. Ukilifunga, sauti imekwisha. Bolti ikikazwa upya, ya zamani hufutika; hilo halikuhitaji kuelezwa. Cheche akashauri waende na bolti moja hivyohivyo, mwendo wa pole. Binti akasema barabara ya bondeni ni mteremko mtupu na hatambeba mama yake kwenye bolti moja. Lakini spana hakuishika. Akasema wanaweza kungoja mwaka mwingine, jicho halikimbii, na huenda akapatikana mtu wa kuisikia sauti hii na kuiandika taarifa upya. Alisema hivyo huku akitazama chini.

“Mwanangu,” alisema mama, “baba yako kabla ya kwenda kufa alimalizia breki yangu kwanza. Mimi niiache wazi?”

Akaomba asogezwe. Wakamshika mikono, akapiga magoti kwenye gunia kwa taabu, akaweka mdomo tunduni. Alisubiri mume wake amalize sentensi yake, kwa adabu ya mke aliyemzoea.

“Ahsante, mume wangu,” alisema. “Breki zilishika. Miaka yote hii zilishika.”

Binti akaingiza bolti kwa vidole, kisha kwa spana, kisha kwa bomba. Hakuna aliyesema kitu, hata Cheche, ambaye ulimi wake hauna breki. Mluzi ulizidi kuwa mwembamba, kisha ua lote likawa kimya, na binti akaongeza robo zungusho, kama alivyokuwa akifanya baba.

Jumatatu waliteremka bonde na giza la alfajiri. Kwenye kona zote tatu gari lilitii. Taarifa ilikuwa kwenye kabati la gereji na muhuri wake, ikisema uzembe, na huko iko mpaka leo. Saa moja kasoro dakika kumi nesi alifungua daftari mlangoni, akamwuliza mama ameletwa na nani.

“Na mume wangu,” alisema mama, “na huyu binti yetu.”

Nesi akaandika wawili, akamshika mkono na kumwingiza ndani.