Note ine ya Bijou

Tata Gaston, technicien wa association ya bafugaji, alisimama inje ya kibanda, suruali yake imepigwa pasi mupaka inakata upepo. Akanyoosha shingo yulu ya mbao, akaangalia nguruwe ya Mama Micheline sekunde tatu, akaandika.

"Note ine," akasema. "Hii Bijou iko na mafuta mingi, mama. Pumba ya mahindi yenye association inakupatia, tutapunguza nusu mupaka siku ya kuzaa."

Micheline alisikia damu inamupanda mu kichwa. Ku ile karatasi ya Gaston, note moja ni mifupa tupu, note tano ni gunia ya mafuta, na tatu njo yenye kufaa kwa nguruwe ya mimba. Bijou ilibakisha juma tatu izae. Mwaka wenye ulipita ilikuwa imekonda, ikazaa batoto tisa, maziba ya kunyonyesha ikakosa, saba bakakufa mu siku ine. Sasa huyu tata alitoka mu Kolwezi na pikipiki, akafika huku Mutoshi juu ya kuleta njaa ingine.

"Tata, ingia. Mushike mugongo."

"Mama, mi niko na diploma. Macho yangu inatosha."

"Diploma ilikukataza mikono?"

Jeanne, jirani, alikuwa ameegemea mulango yake ng'ambo ya njia. Akacheka mupaka kitambaa ikamuanguka ku kichwa. "Muwache, Micheline! Atachafua viatu yake ya misa!"

Bakacheka hata batu benye kupita. Micheline hakucheka. Kusema kweli, hasira yake ilikuwa mara mbili: moja kwa Gaston, ingine kwake mwenyewe. Pale Mutoshi, wakisikia mugeni anakuya kuangalia banguruwe, banafanyaka sawa vile banatayarishaka batoto ku Noëli: kuwaosha na sabuni, kuwashibisha. Nani atakubali kuonyesha nguruwe ya kukonda, jirani wamuseme? Asubuhi ile Micheline alimwangia Bijou ndoo mbili ya masalio ya munkoyo, kinywaji ya mahindi, ile mazito inabakia chini. Bijou ilikunywa mupaka tumbo ikawa ngoma. Micheline alitaka sifa. Hakufikiri kama sifa itamuondolea chakula.

Akafungua mulango ya kibanda, akamukamata Gaston ku kiwiko, akamuvuta ndani.

"Mama! Pole pole!"

"Pole pole nilimaliza. Weka mukono hapa, ku nyonga. Sukuma na kidole gumba."

Gaston akasukuma. Uso yake ikabadilika. Mufupa ilikuwa pale pale chini ya ngozi, ngumu sawa mukono ya sufuria. Akapeleka vidole ku uti wa mugongo, akapita kifundo moja, kifundo ingine, hata bila kutafuta. Bijou ikaguna.

"Mufupa," akasema.

"Sema kwa nguvu. Jeanne asikie."

"Note mbili. Labda haifike hata mbili. Sasa mama, ile tumbo yote ni ya nini?"

"Ni munkoyo!" Micheline akalia kwa sauti. "Mi mwenyewe nilimujaza, nilikuwa na haya! Lakini mi sikusoma mifugo. Weye ulisoma miaka sita, tata. Ndoo mbili ya munkoyo inakushinda?"

Jeanne alikuwa anafunga kitambaa yake pole pole. Gaston akafungua karatasi, macho yake ikapita mustari kwa mustari.

"Nguruwe ya mimba kumi na moja mu hii njia," akasema. "Zote niliandika ine. Nilijisemea, hapa batu banajua kufuga."

"Batoto wa nguruwe kumi na moja watanyonya maji, tata! Futa!"

Akafuta. Kalamu ilitoboa karatasi kidogo. Akaandika mbili, na chini yake: pumba yote, na nyongeza ya kila siku. Akamuangalia Micheline, labda akingojea aksanti.

"Hiyo ni moja," Micheline akasema. "Kumi wamebakia."

Hakumuachilia kiwiko. Wakavuka njia hivyo, bawili, sawa mutu na mwizi wake. Jeanne aliwatangulia, akafungua kibanda yake mwenyewe.

"Yangu nilimupatia ndoo tatu," akasema, macho chini.

Gaston akainama, akaingia.