Jina la Methusela

Mwanangu Asheri alikataa kumpa mtoto wake wa kwanza jina la marehemu baba yake.

"Mama, nimwite jina la mtu aliyefukuzwa shambani kwa uvivu? Mtaa mzima wa Chumbageni utamcheka."

Hata mimi niliamini hivyo. Mwaka 1931 nyapara Zebedayo alisimama mbele ya kambi ya shamba la mkonge akasoma majina ya wavivu. La mume wangu, Methusela, lilikuwa la tatu. Mvivu hakupewa nauli ya kurudi kwao bara. Tulikuja mtaa wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwa miguu, Asheri mgongoni, na Mwanamkasi, mjane wa Kiislamu asiyetujua, akatupa chumba na muhogo wa nazi. Hakutuuliza dini wala kabila.

Lakini mimi mkewe, kila unga ulipokwisha, nilimwambia Methusela, "Ungekata mkonge kama wenzio, tungekuwa tunakula." Alikufa hajanijibu.

Mwaka huu, 1955, nimeanza darasa la watu wazima. Juzi mwalimu Eliudi alitusomea habari za Amerika kati ya zile vita kuu mbili. Mabenki yalifungwa, wanaume wenye nguvu zao wakapanga foleni ya supu, na ngano ikakosa bei hata wakulima wakaacha kununua kamba za kufungia miganda.

"Kamba za nini, mwalimu?" nikauliza.

"Za katani, bibi. Ndiyo maana mashamba ya huku kwetu Tanga yalipunguza watu."

"Mwaka gani?"

"Thelathini, thelathini na moja."

Nilifunga daftari nikatoka bila kuaga. Nilimpitia Asheri kazini, nikamwambia anifuate. Zebedayo tulimkuta barazani kwake, anakunywa chai.

"Shikamoo, mzee," Asheri alisema.

"Marahaba. Karibu, Mama Asheri! Nasikia umeanza shule na meno yameisha."

"Yaliyobaki yanatosha kukuuma. Methusela alikuwa mvivu?"

"Ya zamani hayo, mama."

"Jumapili mjukuu wangu anabatizwa, na jina lake unalo wewe. Amerika waliacha kununua kamba. Mume wangu alikosa nini?"

Akaweka kikombe chini. "Meneja alitaka watu mia waondoke. Aliyepunguzwa alikuwa na haki ya nauli. Mvivu hana. Nikaambiwa niwaite wavivu."

"Kazi yake alikuwa anamaliza?"

"Kabla ya adhuhuri. Kisha anamkatia mgonjwa aliye mstari wa pili."

Miaka ishirini na nne mtu huyu amenisalimia kanisani!

Asheri alisimama karibu yake sana. "Jumapili utayasema haya mbele ya watu."

"Mwanangu, mimi mzee, nina miaka sabini."

"Baba yangu hakufika hamsini. Utasema, au nikusemee mimi?"

Jumapili, kabla ya ubatizo, Zebedayo alisimama akasema yote. Mchungaji akauliza jina la mtoto.

"Methusela," Asheri alijibu, kwa nguvu hata mtoto akashtuka akalia.

Nje Zebedayo alininyooshea mkono, akaniomba msamaha. Nilimwambia, "Nami nilimwita mvivu, tena mezani kwake. Mimi nitamwomba nani?" Nikampita, nikaenda kumpokea mjukuu.