Kabureta ya Strato-Chief

Mtu asiniambie kwamba Vern Tollefson alikuwa mtu mwema aliyepitiwa na shetani. Nilikuwepo. Nilimwona akishuka kwenye gari la binamu yake getini kwetu, kijijini Ethelbert, Manitoba, Julai ya mwaka sabini na moja, kofia kichwani, meno nje, ametoka Dakota ya Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, kuja kuchukua Pontiac yake. Binamu akageuza gari, akaenda zake. Kaka yangu Metro akamkaribisha soseji na chai, akakataa. Alitaka gari tu.

Gari lenyewe lilikuwa Parisienne ya sitini na tano, nyeupe, ndefu mpaka unachoka kuizunguka. Mimi na Metro tulikuwa na uwanja wa magari mabovu tulioachiwa na marehemu baba, na hiyo ndiyo pekee iliyokuwa nzima mle ndani. Metro aliipamba kama bibi harusi. Vern alikuwa ameinunua kwa barua na picha, macho yake hayajaiona. Akafungua boneti, akainama.

"Injini iko wapi?"

"Si hiyo hapo," Metro akasema. "Au unataka na ya akiba?"

"Hii ni ya Chevrolet! Mimi fundi, bwana, unadhani siijui injini ya Pontiac? Umeing'oa ukaiuza, ukanitilia takataka humu!"

Sasa hilo, huku kwetu, hata mtoto angelicheka. Pontiac zetu kubwa zinaundwa huku huku, kiwandani Oshawa, na zote, iwe Strato-Chief ya mkulima, Laurentian ya mwalimu au Parisienne ya daktari, ni gauni la Pontiac juu ya mwili wa Chevrolet. Unachagua silinda sita au nane, ndogo au kubwa, utakavyo, lakini ni Chevrolet tu. Kwao, kusini ya mpaka, Pontiac ina injini yake. Haikutupitia akilini kwamba kuna mtu asiyelijua hilo. Mnunuzi unamwambia kwamba gari lina magurudumu manne?

Metro akacheka. Maskini kaka yangu, alikuwa na kicheko cha kutikisa tumbo, akianza hajui kuacha. "Bwana wee, ndivyo ilivyozaliwa! Kwani kwenu zinazaliwaje?"

"Unanicheka?"

"Sasa nifanye nini, nilie?"

Vern akauchukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa ukutani. Kwanza aliishukia kabureta, akaiponda mpaka ikapasuka vipande. Hapo Metro akaacha kucheka, akamdaka mkono. "We mwendawazimu, acha gari!" Vern akajinasua, akazungusha, mtaimbo ukampata Metro juu ya sikio. Nilisikia mfupa ukilia. Metro akapiga magoti. Akaongezwa wa mbavu, akalala kifudifudi kwenye changarawe.

Mimi sikupiga kelele. Nilichukua nyundo. Nilimtandika ya bega, mtaimbo ukamtoka mkononi. Nikamtandika ya goti, akaanguka, nikamkalia kifuani nikaiinua nyundo juu ya paji la uso wake. Haki ya Mungu nilitaka kumuua, na nilikuwa na hamu nayo kama mtu mwenye kiu. Hakuna huruma iliyonizuia. Nilimsikia Metro anakoroma nyuma yangu, nikajua bado yupo.

Damu ilikuwa inamtoka sikioni. Simu yetu ilikuwa imekufa tangu dhoruba ya Jumapili, na giaboksi ya pikapu yetu ilikuwa mezani, imefunguliwa. Hospitali iko mjini Dauphin, mwendo wa nusu saa ukiendesha kama kichaa. Gari pekee la kutufikisha lilikuwa ile Parisienne, nayo haina kabureta. Na Metro alikuwa pande la mtu, peke yangu nisingemwinua.

"Inuka," nikamwambia Vern. "Kaka yangu akifa, unamfuata. Twende."

Nikamswaga akichechemea, nyundo mgongoni kwake, katikati ya magari yaliyokaa wazi bila boneti. Laurentian. Parisienne nyingine. Laurentian tena. Alikuwa anachungulia kila moja, na kila moja ilimwonyesha kitu kilekile. Tulipofika kwenye Strato-Chief iliyogongwa na treni kwa nyuma, akainama, akaikodolea injini.

"Zote?" akasema.

"Tazama vizuri, mbwa wewe! Au tumeziibia injini Pontiac zote za Manitoba?"

"Sikujua. Dada, naapa sikujua. Mngeniambia neno moja tu."

"Usiniite dada. Fungua hiyo kabureta."

Fundi alikuwa fundi kweli, simnyimi hilo. Mkono mmoja haunyanyuki, goti limevimba, lakini zile nati nne zilitoka chapuchapu. Akaibeba mpaka kwenye Parisienne, akaiweka, nayo ikakaa tundu kwa tundu, kama iliyokuwa hapo siku zote. Akairudishia bomba la petroli na fimbo ya pedali ya mafuta. Hapo ndipo alipoanza kulia, machozi yanadondokea injini.

"Lia huku unakaza," nikamwambia.

Ikawaka. Tukamwinua Metro tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Vern akaendesha. Vumbi la barabara ya Dauphin likafunga dunia yote nyuma yetu.

Katikati ya njia Metro akafungua jicho moja. "Kabureta ya nani hiyo?"

"Ya Strato-Chief."

"Imekaa?"

"Imekaa, Metro. Tulia."

"Mwambie asikanyage sana," akasema. "Inakunywa, hiyo."

Nikataka kumtukana, kuniletea mzaha saa kama ile. Nikambusu nywele badala yake, zilikuwa zimeloa damu na zinanuka grisi. Akashusha pumzi ndefu. Nikangoja avute nyingine. Nikangoja, mkono wangu uko kifuani kwake, magurudumu yanavuma chini yetu, na pale kifuani hapakuwa na kitu tena. Kaka yangu alikuwa na miaka thelathini na moja, na aliuawa kwa sababu ya kucheka.

"Anapumua?" Vern akauliza mbele, hageuki.

"Anapumua. Kanyaga."

Akakanyaga. Alikuwa anasali kwa sauti, anamwahidi Mungu hili na lile, ataacha pombe, atamhudumia Metro mpaka apone. Kila baada ya muda ananiuliza, anapumua? Namjibu, anapumua.

Kwenye njia panda ya kuingilia mjini, mkono wa kulia unakwenda hospitali, wa kushoto unakwenda polisi. Vern hakuujua mji wetu.

"Wapi?" akasema. "Haraka, niambie, wapi?"

Nikamfumba Metro macho kwa kiganja changu.

"Kushoto," nikamwambia.