Nani Alikuwa Anaumwa?

Mtu akinitajia tena neno "dawa" nitamzaba kofi, awe mdogo wangu, awe nani.

Asubuhi ile niliteremka mpakani kwenye mizinga yangu nikakuta kimya. Nyuki walikuwa wametapakaa chini, wengine bado wanajizungusha mchangani, hawajui waende wapi. Ukingo wote wa mfereji, uliokuwa umejaa maua ya manjano, ulikuwa umenyauka na unanuka.

Nikapanda kwa mdogo wangu, hata kandambili sikukumbuka. Nilimkuta anasuuza bomba la kupulizia. Na anasuuzia wapi? Mferejini!

"Umefanya nini kule chini?"

"Nimepasafisha, dada. Nimepiga dawa. Nimechanganya ya magugu na ya wadudu, kazi ikaisha mara moja." Alikuwa anangoja nimpongeze.

"Dawa? Nani alikuwa anaumwa?"

"Dada nawe! Si majani tu yale."

Majani tu! Baba alipotugawia shamba, yeye juu na mimi bondeni, alisema ule ukingo hauna mwenyewe, uachwe. Mdogo wangu akasikia "hauna mwenyewe", lile "uachwe" likampita. Sasa anataka apande maboga mpaka mferejini.

"Umeniulia nyuki wangu!" nikamwambia. Akasema atanitafutia wengine, kana kwamba nyuki wanauzwa kwa kilo. Nikaondoka kabla sijamtia bomba lake kichwani. Wifi alinifuata na salamu za kunituliza, sikuziitikia. Nilikuwa nimefura, na sikuona aibu.

Maboga yake yakatambaa vizuri, yakatoa maua mpaka wapita njia wakayasifu. Kisha siku moja nikamwona anateremka, kiganja kimejaa viboga vidogo vimegeuka njano.

"Dada, yanaanguka yakiwa hivi. Yote. Eti kuna dawa ya..."

Nilimkamata mkono nikamburura hadi mizingani, nikafunua mfuniko. Masega makavu, buibui ameshahamia.

"Dawa yake ilikuwa humu," nikasema. "Ilikuja shambani kwako yenyewe kila asubuhi, haikukudai hata asante. Ukaipiga dawa!"

Akachungulia ndani ya mzinga. Uso ulimshuka.

"Sasa nifanyeje?"

"Chuma ua dume, ukalisugue kwenye ua jike. Moja moja, kabla jua halijawa kali. Shamba zima. Na ukingo ule usiuguse tena, uote unavyotaka."

"Mpaka lini?"

"Mpaka warudi."

"Na wasiporudi, dada?"

Nilitaka kumtukana. Nikaacha, kwa sababu hilo ndilo swali nililokuwa nikijiuliza mwenyewe tangu siku ile.

"Basi utaamka mapema maisha yako yote," nikamwambia, nikafunika mzinga.